Mgongo wa Rais wa Marekani

Sikumpenda rais wa Marekani, na nalisema mapema ili mtu asije akanidai heshima ambayo sina. Nilipomfahamu alikuwa amekwisha kufa zamani, lakini kwetu, kwenye kibaraza cha duka mjini Arua ambako baba yangu alishonea nguo, alikuwa mgeni asiyejua kuaga. Asubuhi yupo, jioni yupo. Mteja akija kupimwa suruali, kabla hajaondoka amekwisha kusimuliwa habari za mzungu aliyekuwa mgonjwa tangu utoto, aliyepakwa mafuta ya wagonjwa na padri zaidi ya mara moja akagoma kufa, na ambaye vitani, meli yao ilipokatwa vipande viwili, aliogelea akimvuta mwenzake aliyeungua, mkanda wa jaketi la yule mwenzake ameung'ata kwa meno. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, kazi yangu vifungo na pindo, na hadithi hiyo niliisikia mpaka nikawa naweza kuimaliza kabla baba hajaianza.

Aliyetuletea mgeni huyo alikuwa mwalimu kijana wa Kimarekani. Alikuja kufundisha hisabati katika shule moja ya sekondari, akakaa nasi wakati wanajeshi walipochukua serikali na muda kidogo baada ya hapo. Miguu yake ilikuwa mirefu hata kitambaa cha suruali moja hakikumtosha, baba akalazimika kuunga. Alituambia kwamba mpango uliomleta Uganda, wa kutuma vijana wa kwao kufundisha nchi za watu, ulibuniwa na rais huyo. Kwa hiyo alimzungumzia kama mtu anavyomzungumzia baba mdogo aliyemlipia karo.

Siku alipokuja mara ya kwanza alimkuta baba amelala chali kwenye saruji ya kibaraza, macho juu, jasho linamtoka. Mgongo ulikuwa umemkamata. Baba alikuwa ameinamia cherehani tangu ujana wake, na kufikia miaka ile mgongo ulikuwa umekwisha kabisa. Kuna siku alishona kwa saa moja akalala kwa saa mbili. Wateja walianza kupeleka vitambaa vyao kwa mafundi wengine, na mimi niliwaona wakipita upande wa pili wa barabara wakijifanya hawakutuona. Nilikuwa na hasira nao, na zaidi nilikuwa na hofu, kwa sababu mama na wadogo zangu walikuwa Ayivu kwenye shamba la muhogo na kila kitu kisichoota shambani kilitoka kwenye cherehani ile.

Mwalimu hakuondoka. Alikaa chini sakafuni, akakunja miguu yake ile, akaanza kusimulia. Baba yake mzazi alikuwa daktari wa mifupa, na nyumbani kwao mgongo wa rais ulizungumziwa kama kwetu inavyozungumziwa mvua. Alisema watu walimwona rais yule kijana, nywele nyingi, meno meupe, wakadhani hakuna mwenye afya kama yeye. Kumbe alipasuliwa mgongo akakaribia kufa, akapasuliwa tena. Pasipokuwa na wapiga picha alitembea kwa magongo. Akifika mlangoni penye watu, anampa mtu magongo ayashike, anaingia anacheka. Ofisini alikalia kiti cha kubembea kwa sababu viti vingine vilimuumiza. Na ndani ya shati, kila siku, alivaa mkanda mpana wa turubai uliofungwa kwa kamba na kukazwa sana, ndio uliomsimamisha.

"Basi alikuwa mwongo," nikasema. "Aliwaomba watu wamchague huku akiwaficha ugonjwa."

"Nyamaza wewe," baba akasema kutoka sakafuni. Kisha akamgeukia mwalimu kwa macho tu, maana shingo haikugeuka. "Huo mkanda, ulishonwa namna gani?"

Waliutengeneza pamoja. Turubai lilikatwa kutoka kwenye hema ya mwalimu mwenyewe. Ili mkanda usijikunje, baba alishona njia nyembamba kutoka juu mpaka chini, na ndani ya kila njia akapitisha spoki ya baiskeli iliyokatwa na kusuguliwa ncha. Spoki alizipata kwa fundi wa baiskeli, mtu wa Ayivu, aliyetuuliza kama tunajenga baiskeli ya kitambaa. Bitana ilikuwa ya kaki laini. Nyuma kulikuwa na matundu mistari miwili, na kamba za viatu, na chini ya kamba ulimi mpana wenye bitana, kama ule wa kiatu. Kwa kuwa unafungwa kwa nyuma, mwenyewe hawezi kujifunga. Ilibidi awepo mtu, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Asubuhi ya kwanza niliweka goti langu kiunoni mwake, nikavuta. Baba alitoa pumzi, akasema vuta tena. Nilipofunga fundo la mwisho alisimama, akageuka, nami nikalazimika kuinua uso kumtazama. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu ni mrefu. Nilijifanya natafuta mkasi chini ya meza, nikalia kidogo huko huko.

Wateja walirudi. Baba alishona amenyooka kama mlingoti, akiendesha pedali kwa raha, na rais wa Marekani akaanza kusimuliwa asubuhi mpaka jioni. Mwalimu alimletea picha yake, kadi ndogo ya rangi, amekaa kwenye kiti chake cha kubembea anacheka. Baba aliigongomea ukutani juu ya cherehani.

Siku moja mwalimu alipokuja kuchukua suruali nilimuuliza kitu ambacho baba hakuwa amekiuliza. "Alikufaje?"

Mwalimu aliikunja suruali yake kwanza. Kisha akasema alipigwa risasi akiwa ndani ya gari la wazi, mkewe pembeni. Risasi moja ilimpita shingoni. Kuna wanaosema, akaongeza, na ni maneno ya watu tu, kwamba kama si mkanda ule angeangukia kwenye kiti palepale. Lakini mkanda ulimshikilia wima, na risasi iliyofuata ikakikuta kichwa pale pale kilipokuwa.

Baba aligonga tumbo lake, likalia ko, ko. "Kumbe alikufa amenyooka," akasema, na niliona kwamba amefurahi.

"Nani alikuwa anamfunga kamba?" nikauliza.

Mwalimu hakujua. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali nje ya mtihani, akachukua suruali yake akaenda. Tangu siku ile vidole vyangu havikuwa na amani na kamba zile. Kila asubuhi nilifikiria shingo ya baba na barabara za nchi yetu, ambako wakati huo risasi hazikuwa hadithi ya Marekani.

Kisha mambo yakabadilika haraka. Wahindi walifukuzwa, na duka ambalo kibaraza chake tulikitumia likapewa mtu mwingine. Redio ikaanza kuwaita Wamarekani majasusi. Asubuhi moja mwalimu alipita na begi lake, akampa baba mkono, hakukaa hata dakika, na suruali yake ya mwisho ilibaki kwetu haina mtu mwenye miguu ya kuivaa. Ikatoka amri kila duka liwe na picha ya rais wetu. Mwenye duka mpya akaitundika yake, kubwa, yenye nishani, kisha akaitazama kadi ya baba iliyo kando yake.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "huyu muzungu wako atatuua."

Hakutia chumvi. Watu walikuwa wanachukuliwa kwa neno moja lililoteleza kwenye pombe. Waliochukuliwa hatukuwaulizia, na wake zao walijifunza kupita sokoni bila kusalimiwa. Nilimwambia baba achome kadi ile mara moja, na kama hataki, nitaichoma mimi.

"Mtu aliyenisimamisha," akasema, "nimchome moto?"

Alifumua bitana ya mkanda, akaiingiza kadi kwenye ule ulimi wa nyuma, pale inapokaa juu ya uti wa mgongo, akashona tena kwa mshono mdogo usioonekana. "Sasa atanyamaza," akasema. Nilikasirika hata nikamfunga siku ile kwa nguvu zangu zote, akashindwa kumeza uji. Baba yangu alikuwa anatembea mjini na kifo chake kimeshonwa kiunoni, na mimi ndiye niliyekuwa nikimfunga nacho kila asubuhi.

Mwaka uliofuata afisa mmoja wa Koboko aliagiza fundi wa kushona suti za arusi yake. Huwezi kukataa agizo kama hilo. Baba alisema ataniacha, nami nikamuuliza huko atafungwa na nani, na bibi arusi? Tukapanda wote lori la tumbaku, mimi juu ya marobota, baba amesimama ameshika chuma nyuma ya kichwa cha gari, kwa kuwa kukaa chini ilikuwa shida. Vumbi lilitugeuza sote rangi moja.

Kabla ya kufika Koboko kulikuwa na kizuizi, pipa upande huu na pipa upande ule, gogo katikati. Askari kijana alipandisha macho juu ya lori kisha akapiga kelele.

"Wote chini! Kila mutu nalala chini! Uso ndani ya udongo!"

Tulishuka, tukalala. Mimi nililala nikageuza shavu ili nimwone baba. Watu wote walikuwa wamelala kando ya barabara, baba peke yake amesimama, mikono juu, anajaribu kujishusha chini. Aliteremsha goti moja, akakwama.

"Wewe mzee! Masikio yako iko wapi?"

"Afande, mugongo yangu imekufa," baba akasema. "Mimi hawezi kulala mbio. Ngoja kidogo tu."

Askari alisikia neno ngoja. Nililisikia nami, na nilitamani kulirudisha kinywani mwake. Bunduki ikalia ile sauti ya kuvutwa. Nikaona mbele yangu gari la wazi, na mtu aliyenyooka ndani yake, na nikamchukia rais wa Marekani kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote aliye hai.

Askari hakupiga risasi. Alimpiga baba tumboni kwa kitako cha bunduki, na badala ya sauti ya nyama ikatoka sauti ya ubao. Askari akaruka nyuma.

"Iko vaa kitu! Toa shati! Toa mbio!"

Baba alifungua vifungo. Mkanda ulipoonekana, askari wengine walikuja, wakazunguka. Mmoja alisema ni nguo ya kuzuia risasi. Mwingine alipapasa njia zile za spoki kwa kidole, akasikia chuma, akapiga ukelele kwamba ni waya, ni antena ya redio, mzee anazungumza na wazungu kupitia tumboni. Leo naweza kucheka. Siku ile damu ilinisimama, kwa sababu mzungu alikuwemo kweli, upande wa pili, chini ya bitana, anacheka kwenye kiti chake.

Walimwita mkubwa wao. Chini ya paa la majani kando ya barabara alikuwepo sajenti mmoja amekaa kwenye sanduku. Alisimama kwa hatua: kwanza mkono kwenye goti, halafu mkono kiunoni, halafu uso ukakunjamana, halafu akawa wima. Nilimwona baba akimtazama vile anavyotazama mteja anayeingia dukani, na nikaomba Mungu asiseme kitu.

"Hii kitu iko nini?" sajenti akauliza.

"Mkanda wa mgongo, afande," nikasema kutoka chini, kabla baba hajafungua kinywa. "Hiyo chuma ni spoki ya baiskeli. Baba ni fundi cherehani, mgongo umeharibika. Mimi ndiye namfunga."

"Fungua."

Niliinuka, nikafungua kamba. Sajenti akauchukua mkanda, akaugeuza, akatoa kisu. Kisu kilitembea juu ya bitana upande wa nyuma, pale pale. Ncha yake ilisimama kwenye mshono wa baba. Nilihesabu pumzi za baba kwa kuzitazama kwenye mbavu zake, nikaona zimekoma. Halafu kisu kikahamia mbele, kikachana njia moja, na spoki ikateleza ikaanguka kwenye vumbi.

Sajenti aliiokota. Alikitazama kichwa chake kidogo kile kinachoingia kwenye gurudumu. Akaanza kucheka, akawaonyesha vijana wake. "Antena! Punda, hii iko baiskeli!" Kisha akaacha kucheka, akamkaribia baba. "Wewe nasikia uchungu wapi?"

Baba akamwonyesha.

"Hata mimi," sajenti akasema polepole. "Lori ya jeshi imemaliza mimi. Usiku mimi nalia kama mtoto."

Alivua shati lake mbele yetu, akauweka mkanda tumboni. Nilidhani baba atashukuru Mungu na kunyamaza. Lakini ufundi ni ugonjwa. "Iko juu sana, afande," akasema. "Telemusha kidogo, ifike kwa nyonga." Na akainua mikono akamrekebisha. Sajenti akageuka na kunipa mgongo. Nikaweka goti, nikavuta, nikamfunga rais wa Marekani kwenye uti wa mgongo wa askari yule, mbele ya bunduki zote zile. Nilipomaliza alisimama wima, akavuta pumzi, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Alituambia twende. Mkanda hakuurudisha.

Suti za arusi ya afisa baba alizishona nusu amelala, mimi nikiendesha pedali. Tuliporudi Arua alijaribu kutengeneza mkanda mwingine, lakini turubai lilikuwa limeadimika kama chumvi na sabuni, na ule wa gunia aliouunga ulilegea baada ya wiki. Mgongo ukaanza kurudi chini. Hata hivyo shida kubwa haikuwa mgongo. Tulijua kwamba siku moja bitana itachakaa, jasho litaozesha uzi, na sajenti atashika kadi mkononi. Gari la jeshi likisimama karibu na duka, baba alisimamisha mguu kwenye pedali na mimi nikaweka sindano chini. Tuliishi hivyo, roho mkononi, na watu wakasema fundi na binti yake siku hizi wana kiburi, hawazungumzi.

Alikuja baada ya miaka miwili hivi, mchana, peke yake, ameendesha Landrova. Alikuwa amenenepa.

"Fundi, ongeza hii kitu. Tumbo imekua."

Baba alisogelea cherehani yake. Nilimfungua sajenti kamba, mkanda ukanibakia mikononi, nikaupeleka kwenye mwanga kama mtu anayetafuta pa kuongezea. Nikauona mshono. Haukuwa wa baba. Bitana ya nyuma ilikuwa imefumuliwa na kushonwa tena kwa uzi mweusi mnene, hatua ndefu zilizopinda, mshono wa mtu anayeshona vifungo vyake mwenyewe kambini. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kadi ilikuwamo.

Niliinua macho. Sajenti alikuwa ananitazama. Nyuma yake ukutani rais wetu na nishani zake alitutazama sote wawili. Nilimpa baba mkanda. Baba aliongeza kipande cha turubai kuukuu pembeni, na mshono mweusi hatukuugusa. Sajenti alipofungwa alisimama mlangoni muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika, akaenda zake.

Nilimwambia baba jioni ile. Hakula. Alisema twende Kongo kwa ndugu za mama, kisha akasema tukikimbia ndiyo tumekiri, kisha akalala ameangalia ukuta. Tulingoja waje kumchukua. Hawakuja wiki ile, wala mwezi ule, na kungoja huko kulimzeesha kuliko mgongo. Sikuelewa kwa nini sajenti ananyamaza. Nilimkasirikia hata yeye, maana mtu akishika maisha yako mkononi na asifanye chochote nayo, hulali.

Mwaka wa sabini na tisa serikali ilianguka huko Kampala, na vita vikapanda kuja kwetu. Kwanza yalipita magari ya wakubwa, yamejaa magodoro. Halafu malori. Halafu askari kwa miguu, wengine wamevaa mashati ya raia, wote wakielekea Koboko na Sudani. Watu wa mji walifunga mizigo kwenda Kongo. Mama alikuwa amekwisha kuvuka na wadogo zangu kutoka Ayivu, akatuletea habari kwamba anatungoja ng'ambo. Ila baba hakuweza kwenda. Siku hizo tulilala humo dukani, na bila mkanda alitembea kutoka mkekani mpaka mlangoni akakaa chini. Nilikuwa nazunguka kutafuta mtu mwenye baiskeli, na kila baiskeli ya Arua ilikuwa imekwisha ondoka.

Sajenti aliingia dukani asubuhi, amevaa koti la mvua juu ya suruali ya jeshi. Bunduki hakuwa nayo. Mwenye duka alikuwa ameshakimbia, na mlango haukuwa na wa kuufunga. Alipandisha koti, mkanda umelegea kiunoni, akageuka akanipa mgongo.

"Kamba imekatika. Funga mimi. Barabara imejaa, mimi napita porini mpaka Koboko."

Nilianza kutafuta kamba nyingine. Baba alikuwa kwenye mkeka. Sajenti akamtazama, na bila kugeuza shingo akasema lile tulilolingoja miaka yote.

"Fundi. Huyu mutu ndani, anacheka kwa kiti, iko nani?"

Baba angeweza kusema ni padri. Angeweza kusema hajui. Mwenye duka hayupo, redio imenyamaza, lakini mtu aliyesimama mbele yake bado alikuwa askari, na kisu chake kilikuwa kiunoni.

"Rais wa Marekani," baba akasema. "Yule wa zamani. Mugongo yake ilikuwa kama yako na yangu. Hiyo mukanda ilikuwa yake. Mimi naiga tu."

"Mimi naona yeye, mimi nafikiri, huyu muzungu anacheka nini?" sajenti akasema. "Halafu siku moja mimi najua. Yeye anacheka na anasikia uchungu. Mimi naona kwa mikono, vile inashika kiti. Mimi nasema, huyu iko mutu yetu. Narudisha yeye ndani."

Hivyo tu. Miaka yote ile ya kutolala, na sababu ilikuwa hiyo. Nilitaka kumpiga kwa mkasi na nilitaka kumshukuru, nikaishia kupitisha kamba kwenye matundu.

"Na alikufa namna gani?"

Baba alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hataki kusimulia. "Risasi," akasema. "Ya kwanza haikumaliza yeye. Wengine nasema, mukanda ilikataa yeye kuinama. Ya pili ikapata kichwa."

Mbali, upande wa kusini, kitu kizito kililia mara mbili. Sajenti alitega sikio. Nilikuwa nimefika tundu la mwisho.

"Toa," akasema.

"Afande?"

"Toa hii kitu. Mimi naingia porini. Mimi lazima nainama."

Nilifungua yote niliyofunga. Aliuweka mkanda juu ya cherehani, akaupapasa mara moja kama anavyopapaswa mbwa, akatoka. Alikwenda ameshika kiuno, bega moja chini, na hakuonekana tena. Sikujua kama alifika Koboko.

Baba alikuwa ananyoosha mkono kutoka mkekani. "Lete."

"Umesikia ulichomwambia sasa hivi?"

"Nimesikia. Bila huo sifiki hata njia ya Onduparaka. Nifunge, mwanangu."

Nilimwinua, nikauzungusha mkanda, ukamtosha mara mbili maana alikuwa amekonda. Nikaweka goti. Nilipofika nusu nilisimama, na kabla sijasema neno baba akasema, "Huko juu legeza. Nipate kuinama kidogo."

Nikaacha matundu ya juu wazi. Alijaribu. Aliguna kwa maumivu, akajikaza, mkono wake ukafika goti. Akasema inatosha.

Tulikata mashamba ya Ayivu kuelekea mpaka, tukipita kwenye mihogo kwa sababu barabarani askari walikuwa wananyang'anya. Tulikuwa katikati ya shamba bunduki zilipoanza kulia, sijui za nani, karibu sana. Nilianguka kifudifudi na kugeuza shavu, kama nilivyogeuza siku ile. Baba alikuwa bado amesimama. Akaanza kuinama, polepole, akipiga kelele ya uchungu kwa kinywa kilichofungwa, mpaka kichwa chake kikazama chini ya majani ya mihogo, na majani ya juu yake yakakatika na kutuangukia.

Ziliponyamaza alikuwa mzima, ameshika magoti, analia machozi na kucheka. Aliniambia nimsaidie kunyooka. Nikamshika, na chini ya vidole vyangu, kupitia shati lililolowa, nikaisikia kadi ile. Ndipo nilipomwonea huruma rais wa Marekani, mara ya kwanza katika maisha yangu, na zaidi nikamwonea huruma mtu nisiyemjua, yule aliyemfunga kamba asubuhi ile akamkaza vizuri.